Nani Ameshika Hatamu? Mpanda Farasi, Saisi na Mpagazi katika Picha za Kihistoria za Afrika Mashariki, kwa Mtazamo wa Kasese

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya picha za farasi na wapandaji wake katika mashindano, na kuilinganisha na historia ya picha zilizopigwa katika Milima ya Rwenzori, ambako farasi hakupata makao. Hoja kuu ni kwamba picha ya mashindano ya farasi ilizaliwa pamoja na desturi maalumu ya kuandika maelezo: farasi, mmiliki na mpandaji hutajwa kwa majina, ilhali mtunzaji wa farasi, yaani saisi, huachwa bila jina hata anapoonekana wazi. Desturi hiyohiyo ilipandishwa mlimani na wapiga picha wa mwanzoni mwa karne ya 20, ambapo mpagazi alishika nafasi ya farasi katika kazi na nafasi ya saisi katika maelezo ya picha. Mifano inatoka Palo Alto (1878), Zanzibar, Nairobi na bonde la Mubuku (1906). Makala inahitimisha kwa kupendekeza namna ya kuyaandika upya maelezo ya picha za eneo hili kwa Kiswahili na Lukonzo bila kubuni kisichojulikana.

1.0 Utangulizi

Msomaji anayeifahamu Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, ana haki ya kushangaa akikuta makala inayohusu farasi na mji wa Bwera au gombolola ya Mahango kwa pamoja. Bwera ni mji wa mpakani. Soko la Mpondwe linauunganisha na Kasindi, upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha za biashara hapo. Mahango iko kwenye miteremko ya Rwenzori, mahali ambapo mashamba yamening'inia juu ya mabonde na njia nyingi ni za miguu. Hakuna uwanja wa mashindano ya farasi katika sehemu hizo mbili. Chumvi ya Katwe, bidhaa kongwe kuliko zote za eneo hili, ilisafirishwa kwa karne nyingi kwa mitumbwi na kwa migongo na vichwa vya watu.

Hata hivyo, kutokuwapo kwa kitu ni jambo lenye historia yake. Makala hii inauliza maswali mawili. Kwanza, ni hali gani zilizowezesha picha ya farasi na mpandaji wake ipigwe katika sehemu fulani za Afrika Mashariki na zikaizuia katika sehemu nyingine? Pili, picha za mahali palipo na farasi zinatufundisha nini kuhusu picha za mahali ambapo binadamu ndiye aliyebeba mzigo? Swali la pili ndilo lenye uzito zaidi, kwa sababu linagusa majina ya watu ambao wajukuu na vitukuu wao wangali wanaishi Kasese.

Neno "maelezo" katika makala hii lina maana ya maandishi mafupi yanayoambatana na picha, yawe chini yake kitabuni, nyuma ya karatasi yake, au katika orodha ya makavazi. Mara nyingi mwanahistoria huitazama picha na kuyapita maelezo haraka. Hapa tutafanya kinyume chake.

2.0 Kuzaliwa kwa Picha ya Farasi Aendaye Mbio

2.1 Palo Alto, 1878

Kabla ya miaka ya 1870, wachoraji wa Ulaya walizoea kumchora farasi aendaye shoti akiwa amenyoosha miguu ya mbele mbele na ya nyuma nyuma, yote ikiwa hewani. Jicho la binadamu haliwezi kukamata hatua za mwendo huo, na kamera za wakati ule zilikuwa za polepole mno. Mwezi Juni 1878, katika shamba la Leland Stanford huko Palo Alto, California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera kwa mstari kando ya njia ya mbio. Farasi alipopita alikata nyuzi zilizotandazwa njiani, na kila kamera ikafunguka kwa zamu yake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Picha zilionyesha kwamba farasi kweli huiinua miguu yote minne hewani kwa wakati mmoja, lakini hufanya hivyo ikiwa imekunjwa chini ya tumbo, wala si ikiwa imenyooshwa kama walivyochora wachoraji.

Tukio hilo husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa sayansi. Kwa lengo letu, cha kuzingatia zaidi ni kadi iliyouzwa na Muybridge baada ya jaribio hilo. Kadi inamtaja farasi jike aitwaye Sallie Gardner. Inamtaja mmiliki wake, Leland Stanford. Inamtaja mpandaji, G. Domm; inataja pia kasi, mahali na tarehe. Maelezo ni kamili kama hati ya kisheria. Wasiotajwa ni waliomtunza mnyama huyo, waliomlisha, waliomtandika na kumleta njiani asubuhi hiyo. Hivyo, tangu siku zake za mwanzo, picha ya farasi aendaye mbio ilikuwa na orodha ya wanaostahili majina, na orodha hiyo ilifuata umiliki na heshima ya kukaa juu ya tandiko.

2.2 Mashindano ya awamu tatu

Miongoni mwa michezo ya farasi, unaompa mpiga picha kazi ngumu kuliko yote ni mashindano ya awamu tatu. Farasi mmoja na mpandaji mmoja hupimwa kwanza kwa utii na mpangilio wa hatua uwanjani, kisha kwa mbio za nyikani zenye magogo, mitaro na maji ya kuvuka, na mwisho kwa kuruka viunzi ndani ya uwanja. Mchezo huu ulitokana na majaribio ya farasi wa jeshi. Ulipoingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, ulikuwa wa maofisa wa jeshi peke yao. Mwanamke wa kwanza kushiriki katika mchezo huu kwenye Olimpiki, Mmarekani Lana du Pont, alisubiri hadi Tokyo 1964.

Kwamba tandiko lilikuwa mahali pa cheo kunaonekana wazi katika kisa cha Olimpiki ya London ya mwaka 1948. Timu ya Uswidi iliyoshinda katika mashindano ya mpangilio wa hatua ilinyang'anywa medali mwaka uliofuata, kwa kuwa mpandaji wake mmoja, Gehnäll Persson, hakuwa ofisa kamili bali sajenti aliyepandishwa cheo kwa muda ili aweze kushiriki. Hakuna aliyedai kwamba alipanda vibaya. Alichokosa ni daraja.

Mpiga picha wa mashindano haya hufanya kazi ndani ya mfumo huo bila kuutunga. Hutembea njia yote kabla ya mbio, akachagua kikwazo chenye mandhari safi nyuma yake na mwanga mzuri mbele yake. Husimama nje ya kamba, hatumii taa ya ghafla inayoweza kumshtua mnyama, na huweka kamera kwenye kasi ya takriban 1/1000 ya sekunde. Hungoja nukta ambapo farasi amekunja magoti, masikio yameelekea mbele, na macho ya mpandaji yanatazama kikwazo kinachofuata. Akichelewa kidogo tu, farasi anatua na picha inakuwa ya mnyama mzito anayeanguka.

Baada ya hapo huja kazi ya majina. Mpandaji huvaa namba kifuani na mgongoni, na namba hiyo hulinganishwa na orodha ya washiriki yenye jina la mpandaji, la farasi na la mmiliki. Picha mamia huweza kutambuliwa kwa siku moja kwa sababu namba ilibuniwa ili kila aliye juu ya tandiko ajulikane. Saisi aliyeshika hatamu kwenye ukingo wa picha havai namba. Hata mpiga picha mwenye nia njema hawezi kumtambua kwa orodha ile. Inambidi amwendee na kumwuliza jina lake. Kwa hiyo ukimya kuhusu saisi umejengwa ndani ya utaratibu wa kazi, na hauhitaji chuki ya mtu yeyote ili uendelee.

3.0 Farasi katika Afrika Mashariki

3.1 Pwani na msamiati

Katika upwa wa Afrika Mashariki, farasi alikuwa mnyama wa heshima kabla ya kuwa mnyama wa michezo. Kumbukumbu za Emily Ruete, aliyezaliwa Sayyida Salme binti Said, zilizochapishwa mwaka 1886, zinaeleza jinsi watoto wa jumba la Mtoni huko Zanzibar walivyofundishwa kupanda. Wapiga picha wa kibiashara kama A. C. Gomes na Coutinho Brothers walifanya kazi Zanzibar katika enzi ambayo fahari ya masultani, pamoja na magari ya farasi, ilikuwa sehemu ya maisha ya mji.

Urithi wa kudumu zaidi wa farasi wa pwani ni msamiati. Kiswahili kina hatamu, lijamu na kikuku. Kina shoti kwa mbio kali na matiti kwa mwendo wa haraka wa hatua fupi. Kina pia saisi, neno lililovuka Bahari ya Hindi kwa maana ileile ya mtunza farasi. Lugha iliyompa mtu huyu jina la kazi yake ilitambua kwamba kazi hiyo ni taaluma. Neno farasi lenyewe lilisafiri bara kwa mbali kuliko mnyama wake: katika Luganda ni embalaasi. Katika sehemu nyingi za Uganda watu walilijua neno kupitia Biblia na masimulizi kabla ya kumwona farasi kwa macho.

3.2 Mbung'o na mipaka ya farasi

Sababu ya neno kumtangulia mnyama ni ya kibiolojia zaidi kuliko ya kitamaduni. Mnamo miaka ya 1894 na 1895, David Bruce alionyesha huko Zululand kwamba ugonjwa wa nagana unaoua farasi na ng'ombe husababishwa na vijidudu vinavyoenezwa na mbung'o. Farasi hukabiliwa pia na ugonjwa mwingine hatari, homa ya farasi ya Afrika, unaoenezwa na wadudu wadogo warukao. Nyanda zilizo chini ya Rwenzori, kandokando ya maziwa Edward na George, zilikuwa makao ya mbung'o, na ugonjwa wa malale ulichangia sehemu kubwa ya nyanda hizo kupungukiwa na watu mwanzoni mwa karne ya 20. Baadhi yake ndiyo leo Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952. Farasi aliyetaka kufika Kasese kutoka mashariki angelazimika kupita katika mazingira yasiyomkubali.

Nyanda za juu za Kenya zilikuwa na hali tofauti. Baridi ya mwinuko ilipunguza wadudu, na walowezi wa Kiingereza walioletewa ardhi na serikali ya kikoloni walileta farasi pamoja na vilabu vyao. East African Turf Club iliundwa Nairobi mwaka 1904. Mbio zilifanyika Kariokor kwa miaka mingi kabla ya kuhamia uwanja wa Ngong mwaka 1954. Ramani ya picha za farasi katika eneo letu inafuata basi mistari miwili inayokutana: mstari wa mbung'o na mstari wa ardhi ya walowezi.

Katika picha za viwanjani, desturi ya Palo Alto iliendelea. Mshindi hupigwa picha akiwa na mmiliki na kikombe. Saisi Mwafrika yupo, kwa sababu lazima mtu amshike farasi aliyechoka, lakini mkono wake huonekana kuliko uso wake. Baada ya uhuru wa Kenya wa mwaka 1963, Waafrika waliopanda katika mbio waliongezeka na majina yao yakaingia kwenye orodha na magazeti. Badiliko hilo ni la kweli na halipaswi kudharauliwa. Lakini liliwafikia waliopanda juu ya tandiko kabla ya waliobaki chini.

4.0 Rwenzori, 1906: Picha Bila Farasi

4.1 Msafara na kamera

Mwaka 1906, Luigi Amedeo wa Savoia, Mtawala wa Abruzzi, aliongoza msafara wa Kiitaliano kupitia bonde la Mubuku, ambalo leo liko katika Wilaya ya Kasese, kaskazini mwa Mahango. Tarehe 18 Juni alifika kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109. Mpiga picha wa msafara alikuwa Vittorio Sella wa Biella, aliyekuwa tayari mashuhuri kwa picha za milima ya Alpi, Kaukasi na Alaska. Picha zake zilichapishwa katika kitabu cha Filippo De Filippi cha mwaka 1908, na hadi leo wanasayansi huzitumia kupima jinsi barafu ya Rwenzori ilivyopungua.

Mlima huu haukumruhusu mnyama wa mizigo. Katika Mlima Kenya, miaka ya baadaye, Raymond Hook wa Nanyuki aliweza hata kuzalisha chotara wa farasi na punda milia kwa ajili ya kazi za milimani. Rwenzori ni tofauti: misitu minene, mizizi inayoteleza, na mabwawa ya matope yanayoweza kummeza mtu hadi magotini. Mizigo ya msafara, pamoja na kamera na mabamba ya kioo ambayo hayakustahimili kuangushwa, ilipanda kwa migongo ya wapagazi. Katika sehemu za juu hao walikuwa Wakonzo, watu wa mlima wenyewe. Kila picha maarufu ya Sella ya vilele vile ilitanguliwa na mtu aliyebeba kioo chake kupita Kichuchu hadi kambi ya Bujongolo, iliyokuwa chini ya mwamba, na akaweka mguu wake mahali salama kila hatua.

4.2 Nani alitajwa

Tukiyasoma maelezo na kumbukumbu za msafara kwa jicho lililofunzwa na kadi ya Palo Alto, tunakuta mpangilio unaofanana nayo. Mtawala anatajwa. Wanasayansi wanatajwa. Waelekezi walioletwa kutoka Courmayeur wanatajwa: Joseph Petigax, César Ollier, Joseph Brocherel na Laurent Petigax. Hata Erminio Botta, msaidizi wa Sella, ana jina lake. Wakonzo kwa kawaida wanatajwa kwa kabila au kwa kazi: "wapagazi", "wenyeji".

Mfano wa Botta na waelekezi wa Courmayeur ni wa muhimu katika hoja hii. Mtu angeweza kusema kwamba wapagazi hawakutajwa kwa sababu walikuwa wasaidizi tu, na msaidizi hatajwi popote. Lakini wasaidizi wa Kiitaliano walitajwa. Kazi ya chini peke yake haikumfanya mtu akose jina. Aliyekosa jina ni yule ambaye mwandishi hakutarajia kwamba msomaji wa kitabu, au jamaa yake, angewahi kuuliza habari zake.

Mlima wenyewe nao uliandikiwa maelezo. Milima ya Rwenzori ilipewa majina ya Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia, na katika huo wa mwisho kuna kilele kiitwacho Sella. Mpiga picha akawa jina la jiwe, naye aliyembebea vioo akabaki "mpagazi" katika kitabu.

5.0 Mjadala

Ulinganisho huu una mipaka, na ni vyema kuikiri. Saisi wa Nairobi na mpagazi wa Mubuku hawakuwa katika hali moja. Saisi alifanya kazi ya kudumu na mnyama aliyemjua kwa tabia zake. Mpagazi aliajiriwa kwa safari. Vilevile, kumlinganisha mpagazi na farasi ni jambo la kuangaliwa kwa makini, kwa sababu lugha ya kikoloni ilifanya hivyo kwa dharau. Hoja yetu ni tofauti: farasi wa mashindano alipewa jina, nasaba na tarehe, ilhali binadamu aliyefanya kazi ngumu zaidi mlimani hakupewa hata kimoja. Tukipima kwa maelezo ya picha, Sallie Gardner wa 1878 ana historia iliyo kamili kuliko ya Mkonzo wa 1906.

Pingamizi nyingine ni kwamba jina halibadilishi chochote, kwa kuwa ujira ulikwisha kulipwa au kudhulumiwa. Jibu ni kwamba picha hizi zingali zinafanya kazi. Zinatundikwa katika maonyesho, zinawekwa katika makavazi ya kidijitali, na zinaandamana na mijadala ya kuyeyuka kwa barafu. Hifadhi ya Milima ya Rwenzori, iliyotangazwa mwaka 1991 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1994, bado hupandwa na wageni kwa msaada wa wabeba mizigo na waelekezi wa hapahapa. Maelezo ya picha za kale huwafundisha wageni namna ya kuwatazama watu hao leo.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, makavazi na vyuo vya eneo hili vishirikiane na jamii za Kasese kuziandikia upya picha za Rwenzori maelezo kwa Kiswahili na Lukonzo. Maelezo yaanze na kinachoonekana bila shaka: mahali, njia, aina ya mzigo, ukanda wa paji la uso unaoushikilia mgongoni, mavazi, hali ya hewa. Mzee wa mlimani anaweza kuutambua mteremko ambao kitabu kiliuita "msitu" tu.

Pili, pasipo na jina, pengo liandikwe waziwazi: "jina halikuandikwa na mpiga picha". Sentensi hiyo ni ya kweli, na inamhamishia aliyeandika jukumu la ukimya. Kubuni jina ili kufurahisha wasomaji kungekuwa kumpotezea mtu huyo haki yake mara ya pili, kwa kuwa mahali pake pangekaliwa na asiyekuwapo.

Tatu, wapiga picha wa leo, wawe katika viwanja vya farasi vya Kenya au katika njia za Rwenzori, wajiwekee kanuni rahisi ya kazi: kila anayeonekana kwenye picha itakayochapishwa aulizwe jina na ridhaa yake. Kanuni hiyo inahitaji daftari, kalamu na dakika chache za mazungumzo, na Kiswahili kinatosha kwa mazungumzo hayo kutoka Ngong hadi Mpondwe.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba picha ya farasi na mpandaji ilihitaji kamera ya kasi, ardhi isiyo na mbung'o na tabaka lenye kumiliki tandiko. Masharti hayo yalitimia Nairobi, wala si Kasese. Hata hivyo, desturi ya maelezo iliyozaliwa pamoja na picha hiyo haikuzuiwa na mbung'o wala mabwawa. Ilipanda hadi Bujongolo na kumwacha Mkonzo pale ilipomwacha saisi, ndani ya picha na nje ya maandishi. Kazi iliyobaki ni ya kusoma ukingo wa picha kwa makini uleule tunaousomea katikati yake, na kuianza wakati ambapo wazee wanaozijua njia za mlima bado wanaweza kuulizwa.